Pipa la Wifi

4 Februari

Wifi,

Habari za huko? Hapa tunaendelea. Mama anakula, analala, magoti yanamsumbua kama kawaida, na mimi kazi ya kutengeneza kompyuta za watu wa bima haijanitoa roho bado. Hizo ndizo salamu. Sasa tusipotezeane muda.

Nakuandikia barua kwa sababu simu imetushinda. Nikikupigia, sijafika katikati ya neno umeshakata, na ukinipigia wewe nakata mimi. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Utaisoma mpaka mwisho, au utaichana, lakini hata ukiichana utakuwa umeshauona mwandiko wangu.

Shida ni Mama. Tangu nilipomchukua kutoka kwako baada ya mazishi ya kaka, kichwa chake kimezidi kupoteza vitu. Kila siku ananiuliza mwanawe yuko wapi. Mwanzoni nilikuwa namwambia kwamba kaka alifariki, naye analia upya kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nimeacha. Wiki iliyopita nikaona bora nimwonyeshe picha, nikatoa ile ya kitambulisho cha kazi, kaka kanyoa safi na macho kayakodoa. Mama akaitazama akanirudishia. "Huyu simjui," akasema. "Mwanangu ana ndevu."

Ndevu zile alizifuga mwaka wake wa mwisho, na wewe ndiye uliyemsifia mpaka akaziacha. Mimi sina picha yake hata moja ya ndevu. Zote ziko kwenye kompyuta yake ya mezani, hapo sebuleni kwako. Daktari anasema kwa mwendo huu mwisho wa mwaka Mama huenda asimjue mtu yeyote. Nataka amwone mwanawe wakati bado anamuulizia. Zitie picha kwenye flashi uitume. Ni kazi ya dakika chache, hata kwako.

Ni mimi, wifi yako.


19 Februari

Wifi mpenzi,

Nimeandika "mpenzi" kwa sababu kwetu tulifundishwa adabu. Salamu zako zimefika, ingawa zilifika zimenuna. Mimi mzima. Kazi ya kushona makava ya viti inakwenda. Hoteli moja imenipa viti vyote vya ukumbini na sebule yangu imejaa sponji mpaka wageni wanakaa jikoni. Mwambie Mama pole ya magoti. Mwambie kile kiti chake bado kipo dirishani na sijamkalisha mtu mwingine.

Hiyo kazi yako ya dakika chache nimeianza Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Kompyuta ya mume wangu siku hizi haiwaki, inawaza. Unaiwasha, unaosha vyombo, unaanika nguo, ukirudi bado kile kiduara kinazunguka. Ikishafunguka, ukibonyeza kitu inaganda. Ukiivumilia, inaanza kuunguruma, joto linapanda, kisha pu! Imejizima. Flashi ndiyo haitaki hata kuiona.

Nilimwita fundi wa kibanda cha jirani. Hapa mtaani tunamwita Daktari Bingwa, maana kila mgonjwa akiletwa kwake dawa ni kukatwa. Akasema apige windows upya. Nikamuuliza, "Na picha zangu je?" Akasema, "Picha si utapiga zingine, mama?" Nikamwonyesha mlango ulipo.

Kwa kuwa wewe unalipwa mshahara kwa mambo haya, nieleze la kufanya, na unieleze kwa lugha ya watu. Tena nina swali dogo. Umesema Mama hamjui kaka yako kwenye picha. Wewe je, anakujua? Mbona hukusema?

Wifi yako asiye na elimu.


3 Machi

Wifi,

Natumaini hujambo na sponji zako. Mama yuko vizuri.

Kabla ya yote, lile kasha jeusi chini ya meza umelivisha nini? Usinidanganye. Nilipofika kwako mara ya mwisho redio ilikuwa na kava, jokofu lina kava, rimoti ina kava, na nikaogopa kusinzia kwenye kochi nisije nikaamka nimeshonewa. Kompyuta inapumua, wifi. Ina matundu nyuma na ubavuni. Ukiiziba inachemka, na ikichemka inajizima ili isiungue. Ina akili kuliko aliyeivisha.

Kwa hiyo livue nguo, lisogeze mbali na ukuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu. Utaikuta feni imeota manyoya. Hayo ni manyoya ya vitambaa vyako. Yatoe kwa brashi kavu. Usitie mafuta ya cherehani, najua ulishafikiria.

Hapo itaacha kujizima. Uzito wake ni ugonjwa mwingine. Diski imejaa mpaka mdomoni, haina pa kugeukia. Futa filamu, futa michezo, kisha ufanye jambo ambalo naweka dau hujawahi kulifanya: mwaga pipa. Kaka aliiweka kompyuta kwa Kiswahili ili hata wewe uielewe, kwa hiyo pale kwenye kona ya kioo utaona kipipa, na chini yake kimeandikwa Pipa. Libonyeze, chagua kumwaga. Ikikuuliza kama una hakika, sema ndiyo. Usiniandikie kwanza kuniuliza, maana posta inakwenda kwa magoti na Mama hana muda huo.

Ni mimi.


21 Machi

Wifi mpenzi,

Salamu nyingi. Leo nina furaha kiasi kwamba nakusamehe maneno ya kochi.

Ni kweli, lilikuwa na kava. La maua ya zambarau, nililishona mwenyewe, na lilikuwa limelikaa vizuri kuliko nguo zako zinavyokukaa wewe. Nimelivua. Feni nilidhani kuna panya kafia ndani, kumbe ni nyuzi. Nimepiga brashi, nimefunga, nimewasha. Wifi, imewaka kabla sijakaa vizuri! Haiungurumi, haijizimi. Nimefuta filamu za kupigana, nimefuta mchezo wa magari, nimemwaga na pipa. Iliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo kama ulivyoagiza. Sasa inakwenda mbio. Jioni nacheza karata humo, na Daktari Bingwa alipokuja kuona akafunga mdomo wake kwa mara ya kwanza.

Kitu kimoja tu kimenitatiza. Mimi nikimwaga pipa langu, chini nimetega ndoo. Hapa kwenye kompyuta, ukishamwaga, vitu vinakingwa wapi? Nimetafuta kila pembe ya kioo sijaona. Nielekeze upesi, kwa sababu folda ya picha za mume wangu ilikuwa mle.

Nakungoja,
Wifi yako.


2 Aprili

Wifi,

Sina salamu.

Nimesoma barua yako nikiwa kazini na wenzangu wakadhani nimefiwa tena. Vinakingwa wapi? Havikingwi popote! Pipa ni la TAKA! Ni mahali pa kutupa! Mtu gani mwenye akili timamu anachukua picha za marehemu mumewe, hazina nakala nyingine duniani, anazitia kwenye pipa la taka kisha ananiuliza ndoo iko wapi? Mtoto anayejifunza kutambaa anajua pipa ni la nini. Nilisema mwaga pipa, ni kweli nilisema. Nisingeweza kuota kwamba kaka yangu yumo.

Nisikilize. Ukimwaga, picha haziondoki siku hiyohiyo. Kompyuta imeng'oa tu kibandiko chenye majina na kusema nafasi hii ni wazi. Picha bado zimekaa chini pale, hazionekani. Lakini kila kitu kipya utakachoingiza kinaweza kukalia juu yake, na kikishakalia, basi. Kwa hiyo zima. Chomoa waya ukutani. Usiwashe hata kuangalia saa. Usicheze karata. Usimwite mtu. Ukimruhusu yule bingwa wako aiguse, mimi na wewe hatujuani.

Halafu toa diski, kile kisanduku cha chuma bapa kilichofungwa kwa skrubu mbele, na unitumie.

Mama ameuliza leo tena.


18 Aprili

Wifi,

Na mimi sina salamu. Mwambie Mama tu kwamba namkumbuka.

Barua yako imechelewa. Ilipofika, Daktari Bingwa alikuwa ameketi hapo hapo anamalizia kuniwekea filamu za kihindi, maana nafasi ilikuwa tele na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kuitengeneza nafasi. Nilimtoa filamu ikiwa katikati ya wimbo. Nimechomoa waya. Ungeniandikia maneno haya ya kibandiko kwanza, na yale ya kumwaga baadaye, tusingefika hapa. Lakini uliniambia nisikuulize. Barua ninayo, nikikutumia utasoma mwandiko wako.

Umenitukana sana kuhusu pipa. Kwenu pipa ni la taka. Kwetu pipa ni la maji. Taka zilikwenda shimoni, nyuma kabisa. Pipa lilikaa ndani ya nyumba, safi, lina kifuniko, na mtoto akilichezea anachapwa. Kitu usichotaka kipotee ndicho unachokitia kwenye pipa. Mimi nikaona pipa kwenye kioo, limeandikwa Pipa, halikuandikwa taka. Nyinyi watu wa kompyuta mngejua Kiswahili mngeandika Jalala.

Na kwa kuwa umeshaniita mjinga, acha nikumalizie. Picha zile zilikuwa mbele kabisa, yeye alizipanga hivyo. Kila nikiwasha, uso wake huu hapa, na ndevu zake, ananicheka. Sikuweza kuutazama, wifi. Kuzifuta pia sikuweza, mkono ulikataa. Nikaona pipa. Nikamweka mle, nikajua yupo, karibu, na kifuniko kiko juu. Tangu siku hiyo ndipo nilipoanza kuweza kuwasha kompyuta. Haya, cheka.

Diski nimeitoa mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani. Imo humu kwenye kifurushi. Nimeishonea kava la sponji na usiniambie inapumua, imezimwa.

Bado hujajibu swali langu la Februari.


10 Mei

Wifi,

Hujambo? Kifurushi kimefika. Mkuu wangu wa kazi aliuliza kama nimenunua mto wa mtoto mchanga. Hata hivyo nakiri diski haina hata mkwaruzo, na wenzangu huletewa diski zimefungwa kwenye magazeti zikiwa zimevunjika.

Nimeiunganisha kwenye kompyuta nyingine na kuiwekea programu ya kuchambua. Inapita kipande kwa kipande, polepole, na haina haja ya mtu kuisimamia wala kuiandikia barua za kuihimiza.

Mama ameacha kumuulizia mwanawe. Anakaa tu. Sijui kama ndiyo nafuu yake au ndiyo tumeshachelewa. Usiniulize mengine.


28 Mei

Wifi,

Kimya chako kinanitia presha. Kama zimepotea sema zimepotea, mimi si yai. Nimeshamzika mtu yuleyule mara moja, nitaweza mara ya pili. Kile nisichokiweza ni kukaa hapa nikikusubiri umalize kunidharau ndipo unijibu.

Hapa naosha vyombo bila kungoja kitu kiwake, karata hakuna, na chini ya meza ya kompyuta imebaki alama ya vumbi pale kasha lilipokuwa kabla sijalivuta kutoa diski. Nimeiacha alama ilivyo, sijaipangusa.

Jibu.


15 Juni

Wifi,

Salamu. Kwa kweli, salamu. Natumaini u mzima.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa sijui niandike nini. Sasa nitaandika jinsi ilivyokuwa, na ole wako ukimsomea mtu.

Picha zimetoka, lakini majina yake yote yamepotea, ni namba tupu. Nyingi ni za viti. Viti, wifi! Kaka yangu alipiga picha kila kiti ulichokivisha, kwa mbele na kwa nyuma, kana kwamba ni maharusi. Nilipekua viti mpaka nikataka kutapika. Zile zake mwenyewe karibu zote zimekaliwa. Moja imebaki utosi tu. Nyingine ni sikio. Ile filamu ya kihindi imemla vizuri.

Moja imepona nusu. Juu iko safi, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Kaka ameketi kwenye kochi jipya, ndevu zote zipo, hata ile mvi ya pembeni ipo. Wewe uko kando yake, umefumba jicho moja kwa kucheka, umependeza ovyo. Nimeichapisha kubwa.

Nilimpelekea Mama asubuhi, akiwa ametulia. Akaishika kwa mikono yote miwili. Akapitisha kidole kwenye ndevu, polepole. Halafu akasema, "Mwanaume huyu simjui. Lakini ana bahati, amekaa na mwanangu."

Kidole chake kilikuwa kimehamia kwako.

Nikamwambia, "Mama, huyu hapa mwenye ndevu ndiye mwanao." Akanitazama kwa huruma, kama ninavyowatazama watu wanaotia kava kwenye kompyuta. Akasema, "Dada, mimi mwanangu namjua. Ananishonea kiti. Mbona haji kuniona?"

Dada ndiyo mimi. Hilo ndilo jibu la swali lako la Februari, chukua. Ananiita Dada, kama anavyowaita wauguzi, na ananishukuru kwa chai kwa adabu sana. Mimi niliyetoka tumboni mwake namlisha na kumwogesha na kumbishia daktari, na anayebaki kichwani mwake ni wewe, mshona makava, mmwaga mapipa. Nimelia chooni ofisini kwa hasira. Nakuonea wivu mpaka meno yanauma. Sikulaumu, na kutokulaumu kunanikera zaidi, maana nilikuwa nimeshazoea kukulaumu.

Tangu siku ile picha anaiweka mapajani, na kila mlango ukigongwa anainua kichwa. Ni mimi naingia, anakishusha.

Njoo. Sikuombi msamaha na usiniombe. Njoo tu, kabla hajaacha kuinua kichwa.

Ni mimi, Dada.


29 Juni

Wifi yangu,

Barua nzima umetukana mara chache tu, nikajua mambo ni mazito. Niliisoma nimesimama, kisha nikakaa kwenye kiti cha Mama, kwa mara ya kwanza.

Viti vya hoteli vitangoja, nimewaambia nina mgonjwa. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Kava la kiti chake nalibeba, kwa hiyo uwe na kiti cha kuvalisha, siyo vile vya plastiki ulivyo navyo. Kompyuta yako sitaigusa. Lakini usiniache nayo chumba kimoja.

Usimwambie kwamba nakuja. Atasahau, kisha atangoja bila kujua anangoja nini.

Nitamwambia mwenyewe yule mwenye ndevu ni nani. Nitasema ni mume wangu. Akiniuliza nilimpata wapi, nitamwambia, ulinipa wewe. Na akiuliza huyu dada wa chai ni nani, nitamwambia ni binti yako, ana kisirani, lakini ndiye aliyemtoa mume wangu kwenye pipa. Atasahau vyote kabla chai haijapoa. Basi kesho yake nitamwambia tena, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo, usikie anavyokuuliza jina.